Sura ya Tano: Skrubu Ndiyo Inayolipa

Anayeingia duka la vifaa huko Birere, mtaa wa biashara wa Goma ulio jirani na mpaka wa Rwanda, huonyeshwa kwanza sanduku la plastiki lenye bisibisi thelathini na ushei, kila moja na mahali pake, mipini ya rangi mbili, vyuma vinang'aa. Pembeni zinaning'inia bisibisi za moja moja, na moja kati ya hizo inaweza kutajiwa bei inayokaribia ya sanduku zima. Wengi hubeba sanduku. Uamuzi huo si wa kijinga: mtu ana fedha kidogo, ana kazi nyingi ambazo bado hazijui, na vyombo thelathini vinaonekana kuwa kinga kubwa kuliko kimoja. Kosa liko mahali pengine kabisa. Mnunuzi anaipima bisibisi kwa bisibisi nyingine, ilhali bisibisi ikiteleza yenyewe hupoteza unga kidogo tu wa ncha yake. Kinachokufa ni kichwa cha skrubu. Na skrubu ile imeshika kitu: bakuli la kabureta, kifuniko cha mafuta ya breki, waya wa umeme ukutani. Ndiyo maana nasema bisibisi nzuri ni ile inayoilinda skrubu, na kwamba kwa mji kama Goma kipimo hicho kinaondoa mezani sehemu kubwa ya vile vinavyoonyeshwa kwanza dukani.

Nasema mji kama Goma kwa sababu mazingira yake hayazihurumii skrubu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya Mei 2021 ikafika ukingoni mwake upande wa kaskazini. Watu walijenga upya juu ya mwamba huo huo, na katika mitaa mingi barabara hadi leo ni mawe meusi yaliyosawazishwa kwa kiasi. Pikipiki inayobeba abiria siku nzima juu ya mawe hayo hutikisika mfululizo, na mtikisiko hulegeza kila skrubu ambayo haikukazwa sawasawa. Juu ya hapo kuna hewa yenyewe. Nyiragongo na volkano jirani yake, Nyamulagira, hutoa moshi wenye gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua hugeuka asidi. Mabati ya eneo hili yanaijua habari hiyo. Skrubu iliyolegea ikaingiwa na maji ya namna hiyo hushikwa na kutu ndani ya uzi wake, mahali ambapo jicho halifiki. Basi siku ya kufunguliwa inakuwa imekwama tayari. Inataka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndizo zinazofichua ncha isiyolingana na tundu. Ikilika kichwa, mwenye gari hana njia fupi ya kupata nyingine ya kipimo kile kile. Vipuri huja kwa malori kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, vikipita Uganda au Rwanda, na vita vya Januari 2025 vilipoufunga uwanja wa ndege wa Goma, hata mzigo mdogo wa haraka ulikosa njia ya angani. Skrubu ni kitu cha bei ndogo. Kilichoshikwa nayo si cha bei ndogo.

Kuna jambo moja ambalo sanduku la bisibisi thelathini halilijui: tundu la nyota si la aina moja. Aina maarufu zaidi ni Phillips, iliyoitwa hivyo kwa jina la Henry Phillips wa Portland, jimbo la Oregon, aliyelinunua wazo la John Thompson na kupata hataza zake mwaka 1936. Kampuni ya American Screw ikaitengeneza, na General Motors ikaitumia kuundia magari ya Cadillac. Kiwanda kilitaka skrubu ambayo ncha ya mashine ingejipanga yenyewe katikati yake bila mfanyakazi kuhangaika, na umbo lile liliifanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini kuta za tundu la Phillips zimeinama. Tundu linasinyaa kadiri linavyokwenda chini. Ukizungusha kwa nguvu, mwinamo huo hugeuza sehemu ya nguvu zako kuwa msukumo wa kuitoa ncha nje. Usipobonyeza sana, bisibisi hupanda, huruka, na kukwangua kuta za tundu njiani. Aina ya pili ni Pozidriv, iliyotoka miaka ya 1960 kwa kusudi la kuiponya kasoro hiyo. Kuta zake zinakaribia kusimama wima, na kati ya mikono minne ya nyota kichwa cha skrubu kina mistari minne midogo ya kuitambulisha. Ulaya iliipokea kwa wingi. Aina ya tatu ni ya Kijapani, iliyofuata kiwango cha viwanda cha Japani kiitwacho JIS. Kwa macho ya haraka utasema ni Phillips. Ukiitazama karibu, skrubu nyingi za aina hii zina nukta moja iliyobonyezwa kichwani, kati ya mikono miwili ya nyota. Tundu lake lina pembe kali zaidi, na ncha ya Phillips, ambayo ina mviringo kwenye mizizi ya mabawa yake, hugota kabla ya kufika chini. Mkononi inaonekana imeingia. Imeingia nusu.

Sasa zitazame aina hizo tatu zikiwa katika ua mmoja wa Himbi au Katindo, mitaa ya Goma. Getini kuna Toyota iliyokwisha kutembea Japani kabla ya kupakiwa meli. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na bado magari si haba mjini humu yana usukani kulia, dalili kwamba mmiliki wa kwanza wa gari alikuwa mtu wa Nagoya au Yokohama. Pembeni yake imeegeshwa moto, yaani pikipiki, ya TVS au Bajaj Boxer. Hizo ni za India, lakini nasaba yake ni ya Kijapani: TVS ilishirikiana na Suzuki hadi mwaka 2001, na Boxer ilizaliwa katika ushirikiano wa Bajaj na Kawasaki. Ukiingia ndani ya nyumba umehamia bara jingine. Umeme wa Kongo ulifungwa kwa desturi ya Ubelgiji na Ufaransa, na disjonkta, yaani zile swichi zinazokata umeme wenyewe ukizidi, mara nyingi huwa na skrubu zenye tundu la Pozidriv lililochanganywa na mfereji wa bisibisi bapa. Kisha redio, feni, kitanda cha kuunganisha, betri ya sola na vitu vingine vilivyotoka China, na hapo Phillips inarudi. Njia za biashara za bahari ya Hindi na urithi wa ukoloni vimekutana kwenye ua mmoja, kila kimoja na skrubu yake. Sanduku la thelathini, kwa wingi wake wote, kwa kawaida lina jamii moja tu ya nyota, Phillips, katika urefu na unene tofauti. Wingi ule haukuongezi uwezo hata kidogo mbele ya skrubu yenye nukta.

Chukua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki kwenye usukani wa pikipiki. Kimeshikwa na skrubu mbili fupi, vichwa vyake vimezama na kulingana na kifuniko, na nyuzi zake zimeingia ndani ya alumini. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye unyevu hushikana, na alumini hutoa unga mweupe unaojaza nafasi iliyobaki. Fundi anaweka bisibisi ya nyota ya kawaida, anabonyeza, anazungusha. Ncha iko nusu ya kina, imegusa kuta kwenye makali ya juu tu, na nguvu zote za mkono zimekusanyika kwenye nyuzi nne nyembamba za chuma. Makali hayo yanajikunja. Mara ya pili bisibisi inateleza mapema zaidi, mara ya tatu tundu limekuwa duara. Kwa kuwa kichwa kimezama, koleo halina pa kushika. Kinachobaki ni kuitoboa kwa drili, juu ya chombo ambacho unga wa chuma ukiingia ndani yake unakwenda kwenye mfumo wa breki. Kazi iliyokuwa ya dakika mbili, kuongeza mafuta, imegeuka kuwa hatari kwa abiria anayepakiwa kesho asubuhi. Ncha ya Kijapani yenye kipimo sahihi ingeshuka mpaka chini, ikajaza kuta, na skrubu ile ile ingetoka kwa mlio mfupi. Ndivyo ilivyo pia kwa skrubu za bakuli la kabureta za Mikuni na Keihin, na kwa skrubu zinazoshika diski za breki kwenye Honda nyingi, ambazo kwa ukaidi wake zimewachosha mafundi wa kila nchi.

Atatokea anayeijua habari hii akasema kwamba Wajapani wamesogea karibu na viwango vya kimataifa, na kwamba magari mapya hayana shida hii kwa kiwango cha zamani. Ni kweli, na inafaa ikubaliwe. Lakini magari yanayotengenezwa Goma si mapya. Na hata yakiwa mapya, bisibisi ya Kijapani inaingia vizuri kwenye skrubu ya Phillips, ilhali ya Phillips haiingii vizuri kwenye ya Kijapani. Mwenye fedha ya bisibisi moja tu ya nyota kwa ajili ya gari hana sababu ya kununua inayofaa upande mmoja wakati ipo inayofaa pande zote mbili. Pozidriv haina bahati hiyo: inataka ncha yake peke yake, na ncha yake ikitiwa kwenye tundu la Phillips inaliharibu.

Bisibisi bapa inasahauliwa kwa sababu inaonekana haina siri, lakini nayo ina mambo yake. Ncha nyingi za bei ya chini zimechongwa kama kabari: nene juu, nyembamba mwisho. Kabari katika mfereji inagusa midomo miwili ya juu tu, na ukizungusha inapanda. Ncha nzuri pande zake mbili bapa zinakwenda sambamba sehemu ya mwisho, ili ikae ndani ya mfereji kwa kina chake chote. Upana wake uwe sawa na kipenyo cha kichwa, unene wake ujaze mfereji bila kucheza. Na kuna skrubu ambazo hazifai kuguswa na bapa hata kama zina mfereji: klempu za mabomba ya radieta. Nyingi zina kichwa cha pembe sita cha milimita 7 au 8 juu ya mfereji huo, na spana ya boksi inazikaza bila hatari ya ncha kuteleza na kutoboa bomba la mpira lililojaa maji ya moto.

Tukija kwenye chuma chenyewe, maneno Chrome Vanadium yaliyochongwa kwenye shina si ushahidi wa kutosha, na ningependa kila mnunuzi alijue hilo kuliko jambo jingine lolote dukani. Kromu na vanadi ni viungo vya chuma cha pua; vinakipa uwezo wa kuwa kigumu bila kukatika, lakini uwezo huo unaletwa na moto. Chuma lazima kipashwe mpaka kiwango chake, kizimwe ghafla, kisha kipashwe tena kwa joto dogo ili ukali wake upungue. Wahunzi wa Kivu wanaolijua jembe na panga wanalijua hili bila kuambiwa na kiwanda: chuma kile kile kinaweza kutoa panga linalokata au panga linalojikunja. Katika kipimo cha Rockwell C, watengenezaji makini huweka ncha kati ya 52 na 60. Chini ya hapo mabawa yanajipinda. Juu mno yanavunjika kama kioo, na kipande kinaweza kwenda jichoni. Kiwanda kinachotaka kushusha bei hupunguza kwanza gharama ya moto, kwa sababu macho hayaioni, na kuongeza mng'aro, kwa sababu macho yanauona. Maandishi hubaki yale yale. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi yake ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini hakuna karatasi ya mpakani inayoweza kukuambia kama ncha hii itajaza tundu la skrubu yako.

Basi mnunuzi aende na skrubu mfukoni. Achukue moja ya gari, yenye nukta, na moja ya umeme, zikiwa nzima. Aiingize ncha ya bisibisi kwenye tundu, ailaze bisibisi mlalo, aiachie skrubu bila kuigusa. Ncha iliyochongwa sawasawa huishika skrubu yenyewe, bila sumaku, na ukiigusa kwa kidole haitikisiki huku na huku. Ncha mbovu huiangusha, au huiacha ikining'inia na kucheza. Sumaku inaweza kudanganya hapa, kwa hiyo kinachotazamwa zaidi ni ule mchezo: kama skrubu inazunguka nyuzi kadhaa kabla ya kushikwa, pengo lile ndilo litakalokula kichwa. Baada ya hapo ncha itazamwe kwenye mwanga wa mlangoni. Mabawa manne yawe sawa, makali yake yawe yamenyooka, pasiwe na mstari wa kalibu wala tone la kromu lililojikusanya pembeni. Bisibisi nyingi nzuri zina ncha nyeusi au ya kijivu isiyong'aa, kwa sababu utando mnene wa kromu huviringisha pembe na baadaye hubanduka. Shina liviringishwe juu ya kioo cha meza ya duka. Lililopinda litaonekana likirukaruka. Kipimo kiwe kimechongwa, PH2, PZ2 au alama inayokifaa, si kubandikwa kwa karatasi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikataa skrubu yako isiguse bidhaa yake, umepata jibu bila kulipa.

Mipini nitaipita kwa haraka zaidi, ingawa ndiyo inayovutia wanunuzi. Nguvu ya kuzungusha inategemea unene wa mpini: kwa mshiko ule ule wa kiganja, mpini wa milimita 36 hutoa asilimia 44 zaidi ya mpini wa milimita 25. Urefu wa shina hauongezi chochote. Watu wengi huchukua bisibisi ndefu wakidhani ina nguvu, na faida yake ni kufika mbali na kusimama wima tu. Kwa kazi za gari vitafutwe vitu viwili: shina linalopita mpini mzima mpaka kitakoni, ili nyundo ikigonga, mshindo ufike kwenye skrubu badala ya kupasua plastiki, na sehemu ya pembe sita chini ya mpini, ambapo spana inaweza kushika. Kampuni ya Vessel ya Osaka, iliyoanza mwaka 1916, inatengeneza bisibisi ambazo zikigongwa hugeuka zenyewe kidogo kwa kila pigo. Kwa skrubu iliyoshikwa na kutu, pigo na mgeuko vikija pamoja, na mafuta ya kulainisha kutu yakiachwa usiku kucha kabla yake, hufanya zaidi ya mkono wenye hasira.

Bisibisi ya umeme ni suala la uhai, na hapa siruhusu ubishi wa bei. Mpini wa plastiki si kinga. Kinga ni shina lililofunikwa mpaka karibu na ncha, lenye alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, inayoonyesha kiwango cha kimataifa IEC 60900. Kila bisibisi ya kiwango hicho hupimwa kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Katika mji wenye nyumba nyingi za mbao, ambako umeme hukatika na kurudi bila taarifa, mtu anaweza kuwa ameshika waya uliokuwa umelala dakika moja iliyopita. Na ile bisibisi nyembamba yenye taa ndani, ya kupimia, isigeuzwe kuwa ya kufungia skrubu. Taa yake huwaka kwa sababu mkondo mdogo mno unapita ndani ya kikinzani na kisha ndani ya mwili wako. Kikinzani kikiharibika, kilichobaki ni mwili. Taa isipowaka pia usiseme umeme haupo: viatu vikavu vya mpira juu ya sakafu ya mbao vinatosha kuifanya ififie isionekane.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la fundi mwenyewe. Atasema kwamba garaji za mitaa ya Majengo na Ndosho zimefufua magari kwa miaka mingi kwa bisibisi yoyote iliyopo, kwamba ujuzi uko mkononi, na kwamba anayelalamikia chombo hajui kazi. Namheshimu anayesema hivyo, kwa maana Goma ni mji wa akili za mikono. Ushahidi umesimama barabarani, chukudu, baiskeli ile ya mbao inayobeba magunia ya viazi na makaa, ambayo mji umeijengea sanamu. Lakini chukudu inathibitisha upande mwingine. Aliyeibuni na anayeitengeneza ni watu wa sehemu moja, wanatumia mbao, misumari na mpira wa tairi, na kila kipande kimechaguliwa kwa kuwa kinaweza kubadilishwa papo hapo. Kabureta haikubuniwa na anayeifungua. Aliyeibuni alichagua umbo la ncha kabla skrubu haijatengenezwa, na ujuzi wa mkono hauwezi kubadilisha pembe ya tundu lililokwisha kuchongwa. Ujuzi wa fundi huyo unaonekana zaidi pale anapookoa skrubu iliyolika: anachonga mfereji mpya kwa msumeno, anachomelea nati juu yake, anaitoboa katikati. Ni kazi za ustadi mkubwa. Kila moja ni saa ambayo mteja hakuilipia na fundi hakuipata, na nyingi zisingehitajika.

Kuhusu fedha, hoja inayosema mtu maskini hawezi kununua kitu kizuri imesimama juu ya dhana kwamba lazima anunue thelathini. Hahitaji. Kwa gari, moto na nyumba, bisibisi sita zinafanya karibu kila kazi: za Kijapani namba 1, 2 na 3; Pozidriv namba 2 iliyofunikwa kwa ajili ya umeme; bapa ndogo ya milimita 3.5, nayo imefunikwa; na bapa ya milimita 6.5. Namba 2 ya Kijapani itafanya kazi nyingi kuliko nyingine zote kwa pamoja, kwa hiyo inunuliwe ya kwanza, hata peke yake, na nyingine zifuate kadiri kazi zinavyokuja. Namba 3 wengi huiruka, kisha huilazimisha namba 2 kwenye skrubu kubwa na kuziua zote mbili. Wenye Volkswagen au Mercedes wataongeza ncha za Torx, ile nyota ya pembe sita iliyotoka mwaka 1967; anayetengeneza simu ana mahitaji ya kwake. Si lazima jina liwe la Ulaya wala la Japani. Zipo bidhaa za China zilizochongwa vizuri na kupashwa moto vizuri, na zipo zenye jina kubwa lililoibwa; skrubu ya mfukoni haijali jina.

Na drili za betri, ambazo sasa vijana wengi wanazo? Zinaharakisha kazi ya kufunga mbao na mabati, lakini ncha zake zina maumbo yale yale, na kosa lile lile linatokea haraka zaidi kuliko mkono unavyoweza kulisikia. Mkono unasikia skrubu inapoanza kuteleza na unaweza kuacha. Mashine imekwisha kuila. Skrubu za kabureta, breki na umeme zifunguliwe kwa mkono. Kuhusu wizi na kuazimana, ambako ndiko bisibisi nzuri zinakopotelea, alama ya rangi kwenye mpini na mfuko wa turubai wenye mifuko sita husaidia: pengo moja kati ya sita linaonekana jioni ile ile, na pengo moja kati ya thelathini huonekana siku bisibisi ile inapohitajika.

Bisibisi nzuri nayo huchakaa, na namna ya kuistaafisha inategemea ncha yake. Bapa inaweza kunolewa upya kwa tupa au jiwe, polepole, ikichovywa majini kila mara. Ikigeuka rangi ya buluu kwenye jiwe, ugumu wake umetoka na haurudi kwa kunoa. Ncha ya nyota hainoleki, kwa sababu kila kiasi unachoondoa kinabadilisha pembe zote nne. Mabawa yake yakianza kuwa na pembe za mviringo au mikwaruzo inayong'aa upande mmoja, itolewe kwenye mfuko wa bisibisi kabla haijaharibu skrubu, isagwe ncha iwe kali, na iwe ya kutoboa ngozi, mpira na mbao laini, kazi ambayo chuma chake bado kina nguvu ya kuifanya kwa miaka mingi.